Siku ya Maji, Donholm

Jumanne ndiyo siku ya maji hapa Donholm.
Mitungi inajaa jikoni, mmoja baada ya mwingine,
nami nimekalia ndoo iliyofunikwa
natafuta pa kulala Mombasa.

Siku nne. Tiketi za reli tumeshakata,
ile ya asubuhi kutoka Syokimau,
na pesa za chama zimo kwenye simu,
zinanitazama kama mtoto aliyeahidiwa soda.

Mutinda anasema Nyali.
Analitamka Nyali kama mtu anayevua viatu.
Usiku mmoja Nyali
ni nusu ya karo ya Ndanu,
na chai ya asubuhi ujitafutie.

Ndanu mwenyewe anataka bwawa la kuogelea.
Mwanangu, kutakuwa na bahari nzima.
Anafikiri. Bahari ina bomba la kuteleza?

Ofisini, Kerubo, aliyekwenda mara mbili
na kwa hiyo ni mwenyeji,
alinichorea ramani nyuma ya risiti ya mafuta:
Nyali ni Lavington iliyotiwa chumvi.
Kongowea ni Gikomba iliyosogea karibu na maji.
Bamburi ni Westlands ya Ijumaa, beba pamba za masikio.
Likoni ni kivuko kwanza, mtaa baadaye.
Tudor, alisema, na hapo akalainika,
Tudor ni South B ya watu waliokwisha kukomaa.
Kisha kalamu ikasimama.
Majengo, usithubutu.

Nikasema sawa.
Nikaikunja risiti mara nne.

Mimi nimezaliwa Majengo.
Siyo hayo. Haya yetu, ya Pumwani,
nyumba ya udongo, vyumba sita, ukumbi katikati,
ambamo Mama alikaanga mahamri saa kumi alfajiri
na harufu ikamtangulia mwadhini.

Nilipoanza kuomba kazi
dada mmoja mwenye miwani alisoma fomu yangu,
akafika kwenye makazi, akainua macho,
akaiweka fomu taratibu upande wa kushoto.
Upande wa kushoto palikuwa na rundo.
Fomu iliyofuata niliandika Eastleigh.
Iliyofuata, South C.
Nilihama mitaa mingi kwa kalamu
kabla sijahama hata mmoja kwa mkokoteni.

Mchagua nazi hupata koroma, Mama alizoea kusema.
Lakini Mama hakuwahi kuchagua nazi.
Alipewa iliyobaki, akaikuna, tukala.

Saa nne usiku naifungua risiti
na kupiga namba ambayo Kerubo hakunipa:
Bi. Mishi, chumba na sebule, ghorofa ya kwanza,
Majengo, juu ya duka la mbao.
Namuuliza maswali ya mtu wa Nairobi.
Maji yapo? Geti hufungwa saa ngapi? Kuna mlinzi?

Anacheka, si kwa ubaya.
Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo,
ya kunywa mtanunua.
Mlinzi ni mimi na kikohozi changu.
Na nyinyi huko Nairobi mwakaa wapi?

Mitungi mitatu imejaa. Wa nne unaimba kwa sauti nyembamba,
ile ya maji yanayokaribia shingo.
Donholm, nasema.
Halafu, kwa kuwa aliuliza
kama anayeuliza hali ya mgonjwa,
naongeza: lakini kwetu ni Majengo.

Majengo ya wapi?

Miaka yote hii, na hakuna
aliyewahi kuniuliza ya wapi.
Ya Pumwani, nasema, na kumbe nimesimama,
na maji yanamwagika, yanalowesha soksi zangu,
na Mutinda ameinua kichwa kutoka Nyali.

Nimeshatuma nusu ya pesa.
Nimefunga bomba. Ndanu anapiga deki kwa taulo langu.
Mutinda anauliza, kutoka hapo hadi ufuoni
ni mwendo gani?

Sijui.
Nilisahau kuuliza.